Mfupa wa Mkono Unapokataa Kuunga: Tiba ya Vyuma vya Nje na Wajibu wa Mgonjwa

Mtu aliyevunjika mkono hupewa nasaha ileile na karibu kila anayekuja kumjulia hali: avute subira, mfupa utaunga. Nasaha hiyo ni ya kweli kwa wagonjwa walio wengi. Mfupa wa mkono wa juu, yaani ule unaoanzia begani na kuishia kwenye kiwiko, umezungukwa na misuli minene yenye damu ya kutosha, na mara nyingi huunga bila upasuaji ndani ya miezi mitatu hivi. Hata hivyo, wapo wagonjwa ambao miezi sita hupita, plasta huondolewa, maumivu hupungua, lakini mkono huendelea kupinda mahali ambapo hapana kiungo. Kwa wagonjwa hao, kuendelea kusubiri nyumbani si tiba tena. Ni kuiruhusu hali iwe ngumu zaidi kutibika.

Hali hiyo ndiyo inayoitwa mfupa kukataa kuunga. Haiui kwa haraka, na pengine ndiyo sababu haizungumzwi sana, lakini hupokonya riziki. Mwendesha bodaboda hawezi kushika usukani, mama lishe hawezi kutelekeza sufuria, fundi seremala hawezi kusukuma randa, na mkulima huingia msimu wa kupanda akiwa na mkono mmoja tu wa kutegemewa. Makala haya yanaeleza kwa nini mfupa hukataa kuunga, namna vyuma vinavyofungwa nje ya mkono vinavyotumika kuutibu, na kile ambacho mgonjwa na familia yake wanapaswa kukifanya ili tiba hiyo ifanikiwe.

Mfupa huungaje

Mfupa ni kiungo hai. Unapovunjika, damu hujikusanya kwenye ufa na kugeuka kuwa kitanda ambacho seli za kujenga mfupa huanza kazi juu yake. Katika wiki chache za mwanzo hujengeka kitu laini mfano wa gegedu, kinachoziba nafasi kati ya vipande viwili. Baadaye madini ya kalsiamu huingia humo, kitu hicho kikawa kigumu, na kwa muda wa miezi kadhaa mwili hukichonga upya hadi kifanane na mfupa wa awali.

Kazi hiyo huhitaji mambo mawili makubwa. La kwanza ni utulivu. Vipande vikichezacheza kupita kiasi, kile kilichojengwa usiku hubomoka mchana. La pili ni uhai, yaani damu inayofika mahali palipovunjika ikileta hewa ya oksijeni, chakula na seli za ujenzi. Mfupa uliokosa utulivu au uliokosa uhai hauungi, na uliokosa vyote viwili hali yake ni ngumu zaidi.

Wataalamu wengi huhesabu kuwa mfupa wa mkono wa juu umekataa kuunga iwapo miezi sita imepita bila dalili za kuungana. Hata hivyo, ishara huonekana mapema kuliko hapo. Mgonjwa akifika kliniki wiki ya sita, na daktari akaushika mkono na kukuta vipande bado vinachezacheza kwa wepesi, hilo ni onyo kwamba huenda mfupa huo hautaunga kwa njia iliyochaguliwa. Ndiyo maana tarehe za kurudi kliniki zinazoandikwa kwenye kadi ni sehemu ya tiba. Mgonjwa anayekwenda siku ya kuvunjika na kurudi baada ya mwaka mmoja huwa ameupoteza muda ambao tiba ingekuwa nyepesi.

Sababu za mfupa kukataa kuunga

Sababu ya kwanza ipo kwenye ajali yenyewe. Mkono uliosagika katika ajali ya pikipiki, wenye kidonda kilichofika hadi kwenye mfupa, hupoteza misuli, ngozi na mishipa ya damu kwa wakati mmoja. Wakati mwingine kipande cha mfupa hubaki barabarani, au msuli hujipenyeza kati ya vipande na kuvizuia visigusane.

Sababu ya pili ni namna mkono ulivyotulizwa. Plasta iliyolegea, kifaa cha kushikilia mkono kilichovuliwa kabla ya wakati, au bamba la chuma lisilokuwa na nguvu ya kutosha, huuacha mfupa ukicheza. Kuchua na kukanda mahali palipovunjika katika wiki za mwanzo kuna athari hiyohiyo.

Sababu ya tatu ni maambukizi. Vijidudu vikiingia kwenye mfupa hujificha ndani ya vipande vilivyokufa au juu ya vyuma vilivyowekwa ndani, mahali ambapo dawa hazifiki kwa urahisi. Kidonda hufunga kisha hufunguka tena na kutoa usaha, na mgonjwa huweza kuzunguka na hali hiyo kwa miaka. Watu wenye selimundu, ugonjwa unaowapata watu wengi nchini, wanahitaji uangalizi zaidi kwa kuwa mifupa yao hushambuliwa na maambukizi kwa urahisi.

Sababu ya nne ipo katika mwili wa mgonjwa. Uvutaji wa tumbaku hubana mishipa midogo ya damu na kuchelewesha mfupa kuunga. Kisukari kisichodhibitiwa, lishe duni, upungufu wa vitamini D na umri mkubwa huchangia pia. Kuna nyakati ambapo mfupa ulivunjika kwa kitu kidogo tu kwa sababu tayari ulikuwa na ugonjwa ndani yake, ukiwamo uvimbe wa saratani. Kwa hiyo mfupa uliovunjika bila ajali ya maana unapaswa kuchunguzwa kwa kina.

Si kila mgonjwa anahitaji vyuma vya nje

Daktari bingwa wa mifupa huanza kwa kuutambua mfupa uliopo mbele yake. Picha ya eksirei humwonesha mengi. Kuna mfupa ambao ncha zake zimetanuka na kunenepa kama unyayo wa tembo. Huo una uhai wa kutosha, umekosa utulivu tu. Kuna mwingine ambao ncha zake zimechongoka na kufifia. Huo umekosa uhai na utahitaji kupandikizwa mfupa, ambao kwa kawaida huchotwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Na kuna ule wenye maambukizi, ambao hauwezi kujengwa kabla haujasafishwa.

Kwa mfupa usio na maambukizi, wenye ngozi nzuri juu yake, tiba inayotumika zaidi ni kufungua, kusafisha ncha, kuzikaza pamoja kwa bamba la chuma na skrubu, na kuongeza kipandikizi cha mfupa inapohitajika. Chuma hicho hukaa ndani, na mgonjwa hurudi nyumbani bila kitu chochote kinachoonekana nje isipokuwa bandeji. Hivyo mgonjwa asidhani kwamba amenyimwa tiba bora kwa kuwa hakufungwa vyuma vya nje.

Vyuma vya nje huchaguliwa pale ambapo kuweka chuma kikubwa ndani ni hatari au hakutafaa: mfupa una maambukizi, sehemu ya mfupa imepotea, ngozi ina makovu yasiyoweza kufunguliwa tena kwa usalama, upasuaji uliotangulia umeshindwa, au mfupa umelainika kiasi kwamba skrubu hazishiki. Katika mazingira hayo pini nyembamba hupitishwa kwenye mfupa mzima, mbali na mahali palipoharibika, kisha huunganishwa nje ya ngozi kwa fito au pete za chuma. Mahali penye ugonjwa hubaki bila chuma cha kuwahifadhi vijidudu, ilhali mfupa unapata utulivu unaouhitaji.

Mbinu iliyotokea Siberia

Fikra ya kuushikilia mfupa kutoka nje imekuwapo barani Ulaya tangu kabla ya Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia. Lakini aliyeigeuza kuwa tiba ya mifupa iliyokataa kuunga ni daktari Gavriil Ilizarov, aliyefanya kazi katika mkoa wa Kurgan, Siberia, ndani ya uliokuwa Muungano wa Kisovieti. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1950, akiwahudumia wagonjwa wengi ambao mifupa yao iliharibika vitani na kazini, alitengeneza kifaa cha pete za chuma zilizozunguka kiungo, zikishikwa na waya zilizokazwa sana na kupita katikati ya mfupa.

Katika kazi hiyo aligundua jambo ambalo madaktari wengi wa wakati wake hawakulitarajia. Mfupa hai ukikatwa kwa uangalifu, kisha vipande vikavutwa polepole, milimita moja kwa siku, mwili hujenga mfupa mpya katika nafasi inayoachwa. Ukivutwa kwa kasi zaidi, nafasi hiyo hubaki tupu. Ukivutwa polepole mno, mfupa huunga kabla ya wakati.

Habari za tiba hiyo zilienea kupitia mgonjwa mmoja maarufu. Valeriy Brumel, mwanariadha wa Kisovieti aliyetwaa medali ya dhahabu ya kuruka juu katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, alivunjika mguu vibaya katika ajali ya pikipiki mwaka 1965. Baada ya upasuaji wa mara nyingi kushindwa, alipelekwa kwa Ilizarov mjini Kurgan, mguu ukaunga, naye akaweza kuruka tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mbinu hiyo ilipokelewa na madaktari wa Italia, na kutoka huko ikasambaa duniani. Kanuni iliyookoa mguu wa Brumel ndiyo hiyohiyo inayotumika leo kwenye mkono wa kijana aliyeanguka na bodaboda.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Kabla ya upasuaji mgonjwa hupimwa wingi wa damu, sukari, na vipimo vinavyoonesha kama kuna maambukizi mwilini. Hali ya neva za mkono huandikwa kwa makini. Mgonjwa mwenye usaha huweza kuombwa asimamishe dawa za antibayotiki kwa muda, ikiwa hali yake inaruhusu, ili vijidudu vilivyopo viweze kuoteshwa maabara na dawa sahihi ifahamike. Anayejinunulia antibayotiki dukani siku chache kabla ya upasuaji huweza kuvificha vijidudu hivyo bila kuviua.

Daktari akishaufungua mkono huchukua sampuli kutoka sehemu kadhaa, kisha huondoa makovu na kila kipande cha mfupa kilichokufa, hadi afike kwenye mfupa unaotoa damu. Hatua hiyo huweza kumshtua mgonjwa anapoelezwa: amekwenda kutibiwa mfupa, na kwanza anapunguziwa huo mfupa. Lakini mfupa mfu hauungi wala haupokei dawa, na kuubakiza ni kuwabakizia vijidudu makazi.

Hapa mkono una nafuu ambayo mguu hauna. Mguu mmoja ukipungua urefu, mwendo huharibika. Mkono ukifupika kwa sentimita mbili au tatu, mgonjwa huendelea kula, kuandika, kulima na kubeba bila tofauti kubwa. Kwa sababu hiyo, daktari huweza kuzikutanisha ncha safi mbili na kuzikaza moja dhidi ya nyingine, jambo linaloharakisha kuunga. Endapo sehemu iliyopotea ni kubwa, mfupa huweza kukatwa mahali pengine penye uhai na kuvutwa polepole kwa kanuni ya Ilizarov hadi urefu urejee.

Hatari kubwa katika upasuaji huu ni kwa neva ya radiali. Neva hiyo huuzunguka mfupa wa mkono wa juu kwa nyuma, ikiwa karibu sana na mfupa, kisha hushuka kuelekea kwenye kiwiko. Ndiyo inayoinua kifundo cha mkono na vidole. Ikijeruhiwa, kiganja huning'inia, na mgonjwa hushindwa kushika kitu kwa nguvu hata kama vidole vinakunja. Daktari huzipanga pini kwa kufuata ramani ya neva na mishipa ya damu, na mara nyingi hufungua ngozi kidogo ili auone mfupa kabla ya kutoboa. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa hatari hiyo kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, na kuuliza maswali hadi aelewe.

Maisha na vyuma mkononi

Mgonjwa wengi hushangaa kugundua kwamba upasuaji ni sehemu fupi ya tiba. Vyuma hukaa mkononi kwa miezi, mara nyingi minne hadi sita, na zaidi kwa wale ambao mfupa wao unarefushwa. Kila sentimita moja ya mfupa mpya huhitaji takriban mwezi mmoja au zaidi hadi iwe na nguvu ya kutosha. Katika muda huo mgonjwa anakuwa mtibabu wa mkono wake mwenyewe, na kazi zake ni tatu.

Kazi ya kwanza ni usafi wa pini. Kila mahali pini inapotoka kwenye ngozi ni mlango ambao vijidudu huweza kuingilia. Mgonjwa au anayemhudumia hunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha husafisha kila pini kwa dawa aliyoelekezwa na hospitali, akitumia kipande kipya cha shashi safi kwa kila pini ili asihamishe uchafu kutoka moja kwenda nyingine. Dawa za kienyeji, mafuta, majivu na unga wa vidonge havipaswi kuwekwa. Nguo ziwe na mikono mipana, na vyuma vifunikwe kwa kitambaa safi mgonjwa anapokuwa penye vumbi, jikoni au shambani.

Kazi ya pili ni kugeuza nati kwa wale waliopangiwa hivyo. Milimita moja ya siku haifanywi kwa mkupuo. Hugawanywa mara nne, robo milimita kila baada ya saa sita. Mgonjwa hufundishwa wodini nati ipi ageuze na kwa upande upi, na hupewa karatasi ya kuweka alama kila anapomaliza. Aliyesahau zamu moja hapaswi kufidia kwa kugeuza mara mbili bila kuwasiliana na hospitali.

Kazi ya tatu ni mazoezi. Uzuri wa vyuma vya nje ni kwamba bega, kiwiko, kifundo na vidole vinabaki huru. Lakini kiungo kisichotumika hukakamaa, na kiwiko ni miongoni mwa viungo vinavyokakamaa haraka. Mtaalamu wa fiziotherapia humwelekeza mgonjwa kukunja na kukunjua, kuinua na kushusha, mara kadhaa kwa siku, hata kama kuna maumivu ya wastani. Mfupa ukiunga huku kiwiko kimeganda, tiba itakuwa imefika nusu ya njia.

Kwa kuwa kazi hizi hufanyika nyumbani, familia ina nafasi kubwa. Mtu mwenye vyuma mkononi huhitaji wa kumsaidia kuvaa, kuoga na kufika kliniki. Huhitaji chakula chenye protini kama maharage, dagaa, mayai na maziwa, pamoja na mboga za majani na matunda. Huhitaji pia kutuliwa moyo, maana watoto humwogopa, majirani humkodolea macho, na usiku hapati namna ya kulala. Anayevuta sigara anapaswa kuacha kabisa kwa muda wote wa tiba; hakuna dawa ya hospitali inayoweza kufidia hasara inayoletwa na tumbaku.

Dalili zinazohitaji hospitali mara moja

Wekundu kidogo au majimaji kidogo kuzunguka pini ni jambo linalowapata wagonjwa wengi, na mara nyingi hutulia kwa usafi na dawa za kumeza zilizoandikwa na daktari. Lakini mgonjwa asisubiri tarehe ya kliniki iwapo ataona usaha, uvimbe unaoongezeka, ngozi kuwa ya moto, homa, pini inayocheza au kuuma ghafla, au nati na fito zilizolegea. Kadhalika, vidole kufa ganzi, kubadilika rangi au kuwa baridi, pamoja na kushindwa ghafla kuinua kifundo cha mkono, ni dharura.

Jambo moja halipaswi kufanywa kwa hali yoyote: mgonjwa au fundi wa mtaani kulegeza au kuchomoa vyuma. Wapo wanaochoka mwezi wa tatu na kutaka kuviondoa kwa kuwa mkono hauumi tena. Kutouma si ushahidi wa kuunga.

Daktari huamua kwa picha za eksirei zilizopigwa kutoka pande mbili. Kwa kawaida hutafuta daraja la mfupa mpya katika pande tatu kati ya nne zinazoonekana. Akiridhika, huweza kulegeza fito kwanza na kumwacha mgonjwa autumie mkono kwa siku kadhaa, ili aone kama mfupa unastahimili bila kuuma wala kupinda. Ndipo pini huondolewa. Hata baada ya hapo mkono huvalishwa kifaa cha kuushikilia kwa wiki kadhaa, na kazi nzito hurejewa hatua kwa hatua, kwa kuwa mfupa mpya huweza kuvunjika tena ukibebeshwa mzigo mapema.

Waunga mifupa wa jadi

Wananchi wengi hupita kwa waunga mifupa wa jadi kabla au baada ya kufika hospitali. Nchi inatambua huduma za tiba asili kupitia Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inayotaka watoa huduma hao wasajiliwe. Kwa mvunjiko mwepesi uliofunika ngozi, mkono huweza kuunga kwa kutulizwa tu, na hapo ndipo sifa za waunga mifupa wengi zilipojengwa.

Hatari huja pale mfupa uliokataa kuunga unapochuliwa na kukandwa kila siku, au kidonda chenye usaha kinapofungwa kwa mianzi na dawa za majani. Kufunga kwa kubana sana huzuia damu, na mkono huweza kufa na kulazimika kukatwa. Mganga mwema ni yule anayefahamu mpaka wake: kidonda kilichofika kwenye mfupa, ganzi ya vidole, mkono uliopinda au uliopita wiki sita bila kukaza, vyote hivyo ni vya hospitali.

Njia ya kufuata ili kupata huduma

Mgonjwa anayehisi kuwa mfupa wake haujaunga anashauriwa kuanzia kwenye kituo alichotibiwa mwanzo au hospitali ya wilaya, akiwa na kadi, picha zote za eksirei na maelezo ya upasuaji uliotangulia. Nyaraka hizo huokoa muda na fedha. Kutoka hapo rufaa huelekezwa hospitali ya mkoa, kisha hospitali za kanda kama Bugando iliyopo Mwanza na KCMC iliyopo Moshi, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyopo Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996 kwa ajili ya tiba za mifupa na mishipa ya fahamu.

Tiba hii ni ndefu, na gharama zake si za upasuaji peke yake. Nauli za kliniki, shashi, dawa, picha na siku za kazi zinazopotea huhesabika. Kabla ya kuanza, mgonjwa aulize gharama zote na aulize bima yake inagharamia nini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 inalenga kumwondolea mwananchi mzigo wa kulipa papo kwa papo anapougua, na kujiunga kabla ya kuumia ndiyo busara. Asiye na uwezo aonane na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, badala ya kuacha kliniki kimyakimya.

Aliyeumia barabarani anapaswa kuhakikisha amepata fomu ya polisi, PF3, kwa kuwa ndiyo kumbukumbu ya ajali katika madai ya bima ya chombo kilichohusika. Aliyeumia kazini au akitekeleza majukumu ya mwajiri wake Tanzania Bara amjulishe mwajiri bila kuchelewa, ili taarifa ifike Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaogharamia matibabu na kulipa fidia kwa mfanyakazi aliyepata ulemavu wa muda au wa kudumu.

Wahenga walisema subira yavuta heri. Kwa mfupa uliokataa kuunga, subira hiyo ina mahali pake. Haistahili kutumiwa katika miezi ya kukaa nyumbani ukiungojea mkono unaochezacheza ujikaze wenyewe. Inahitajika baadaye, katika miezi ya kusafisha pini asubuhi na jioni, kugeuza nati kwa saa zilizopangwa, kukunja kiwiko kinachouma na kurudi kliniki kila tarehe iliyoandikwa. Mwenye mkono uliovunjika ambaye wiki ya sita imempita bila kukaza hana haja ya kungoja dalili nyingine. Achukue kadi yake na picha zake, aende akaonwe wiki hii.